Chumvi Kwenye Jaruba la Maharage

Nilitia vijiko vitatu vya chumvi kwenye chai ya Bibi, kisha nikakaa pembeni na kitabu cha jiografia, nikisubiri. Vijiko vitatu si vichache. Bibi akapiga funda la kwanza, akaangalia nje kwenye bustani yake, akapiga la pili. Akaimaliza yote. Akaweka kikombe chini na kusema, "Ya leo umeipatia, mke mwenzangu. Mkono wako unakua."

Nikajua nimeshindwa. Bibi hakuwa mtu wa kuchezewa. Tangu nazaliwa ananiita mke mwenza, kwa kuwa mume wetu ni mmoja, marehemu Babu, na mimi humjibu kuwa basi ahame chumba kikubwa anipishe mke mdogo. Mwaka wa nyuma nilimvalisha mbuzi wake mtandio wa Ijumaa. Yeye akanishonea mikono ya sweta ikaziba, nikaja kugundua nimesharudi skuli Maskati, mbele ya darasa zima. Kwa hiyo nilivyoona ameinywa ile chai nikasema moyoni, huyu mzee ana roho ngumu, anakunywa chumvi ili mradi asinipe raha ya kucheka.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kila likizo ya nusu mwaka, baridi ikishaingia, nilikuwa napelekwa Qurayyat, pwani ya Omani, kumsaidia Bibi shambani. Watu wa kwetu Unguja wakisikia kuwa tunapanda mboga wakati wa baridi hucheka, lakini huku ndiyo hivyo. Joto likiwepo hakuna kinachoota ila mitende na hasira. Baridi ndiyo msimu: kung'oa figili na kuzifunga mafungu kwa chane za mtende, kupunguza miche ya karoti, kukata kotmiri asubuhi kabla haijalegea, kufunga minyanya kwenye vijiti, kupalilia vitunguu mpaka kiuno kikatae. Mboga hupandwa ndani ya majaruba, vishimo vipana vyenye kingo za udongo, na maji huingia kwa mfereji kutoka kisimani.

Mwaka ule palikuwa na jambo jengine. Mwezi mmoja kabla sijafika, Bibi aliugua homa kali, akalala siku tisa. Ami yangu, kaka mkubwa wa baba, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia mbele ya watu wote, "Mama, nakupa msimu huu. Lakini nikiona kitu kimeharibika shambani kwa sababu umeshindwa, nafunga geti, unakuja kukaa na sisi Ruwi." Ruwi, mjini Maskati, kwa Ami ni ghorofa ya nne. Ukifungua dirisha unaona dirisha la mwenzio. Ami hakusema kwa ubaya, alisema huku amemshika mkono, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumjibu.

Asubuhi ya pili baada ya ile chai tukaenda kisimani. Kisima chetu kiko karibu na bahari, na visima vya namna hiyo vina tabia yake: maji matamu yanakaa juu, ya chumvi yanasubiri chini. Ukivuta kidogo unapata matamu. Ukivuta sana, ya chini yanapanda, na ukiyafungulia kwenye mboga umeziua. Hakuna chombo cha kukwambia. Kuna ulimi tu. Bibi huwasha pampu, hukinga kiganja kwenye mdomo wa bomba, husukutua, hutema, kisha hutoa hukumu: fungua, au funga. Kila baada ya muda huonja tena. Kazi hiyo hajawahi kumpa mtu.

"Tamu," akasema. "Fungulia maharage."

Nikafungua. Maji yakaenda, naye akaonja mara ya pili, ya tatu, kila mara tamu. Mimi macho yalikuwa bado na usingizi, nikainama kwenye bomba ninawe uso. Maji yakaniingia mdomoni.

Yalikuwa kama maji ya kuoshea samaki.

Nikamtazama. Alikuwa ameegemea jembe, anaangalia maji yanavyozunguka kwenye jaruba, uso umetulia kabisa. Nikayatazama maharage. Kingo za majani zilikuwa zimekauka rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Jana yake niliziona, nikadhani baridi. Na pembeni mwa jaruba, udongo ulipokauka, palikuwa na weupe.

Nikaikumbuka ile chai.

Nilikwenda nikazima pampu.

"Nani kazima?" akauliza Bibi.

"Imezimika yenyewe."

"Pampu ina adabu kuliko wewe, haizimiki bila ya kuaga. Washa."

"Bibi, juzi nilikutilia chumvi kwenye chai."

Akaliweka jembe chini.

"Vijiko vitatu," nikasema. "Vya kulia wali."

Nilitegemea anirushie kandambili. Badala yake akakaa kwenye ukingo wa kisima, taratibu, akavua mtandio akajifutia mikono ambayo haikuwa imelowa. Akauliza, "Na haya maji?"

"Chumvi tupu."

"Tangu lini?"

"Sijui. Wewe ndiye unayeonja."

Hilo lilinitoka vibaya. Aliinamisha kichwa. Halafu akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwengine, kuwa tangu ile homa hasikii ladha. Si ya sukari, si ya ndimu, si ya dawa. Alidhani itarudi. Kila asubuhi anasukutua yale maji na kukisia kwa ubaridi wake. "Nikasema, ulimi umelala tu, utaamka," akasema. "Ami yako anakuja Alkhamisi. Nna siku nne. Usimwambie."

Sikumwambia kuwa ni vibaya kusema uongo, maana mimi nani. Nikasema, "Basi mimi ndiye nitakayeonja."

Siku nne hizo sijawahi kufanya kazi kama ile, na natumai sitafanya tena. Nilikesha na hofu mchana kutwa, kama hilo linawezekana. Asubuhi nilikuwa na kiganja kwenye bomba na saa ya mkononi, naonja kila dakika moja. Dakika ya kumi na mbili ndipo chumvi ilipoanza. Tukavuta dakika kumi asubuhi, kumi alasiri, tukayagawa kwa ndoo kama dawa: nyanya kwanza, halafu vitunguu, karoti zikibaki na bahati yao. Kabichi zilistahamili. Figili tuling'oa haraka zote zilizofikia kidole gumba, tukaziosha na kuzipanga kwenye gunia bichi. Maharage yaliendelea kuungua. Kila siku majani mapya yalikuwa na kingo za kahawia, na kila siku nilipita nikiyachuma na kuyatia mfukoni mwa kanzu yangu ya kazi, ili yasionekane chini.

Jumatano jioni jaruba la maharage lilikuwa vijiti. Mimi nikapata akili. Nilichimbua mashina ya kotmiri, nikatoa guniani figili zenye majani yake, nikavichomeka kwenye jaruba la maharage kwa mistari, nikanyunyizia maji. Kwa mbali lilipendeza. Kwa karibu lilikuwa shamba la maigizo.

Bibi alisimama akalitazama. "Hii nini?"

"Bustani mpya. Figili hizi zimezaliwa leo, zina miezi miwili."

Alicheka mpaka akashika mti. Mara akaacha, kama mtu aliyekumbuka kuwa amesahau jiko. "Tukubaliane," akasema. "Akiniambia nionje mbele yake, simama nyuma yake. Yakiwa matamu jikune kichwa. Yakiwa ya chumvi shika sikio."

Ami alifika Alkhamisi kabla ya adhuhuri, kanzu nyeupe haina hata kunjo. Akambusu Bibi kichwani. Akanipa mkono na kuniuliza masomo, nami nikamjibu mengi kuliko alivyotaka, ili asitazame nje. Akatazama. Akavua makubazi, akapita kati ya majaruba mikono imefungwa nyuma, kama anakagua ofisi. Kwenye karoti hakusema kitu. Kwenye kabichi akasema mashaallah. Kwenye lile jaruba langu akasimama.

Akachuchumaa, akashika figili moja kwa majani na kuivuta. Ikatoka kama kisu kwenye siagi. Akaitazama, akanitazama. Nikatazama mbuzi.

Akakwangua ule weupe ukingoni kwa kucha, akautia ulimini.

"Mama, maji unayaonja?"

"Kila siku," akasema Bibi. Na kweli, alikuwa anayaonja kila siku.

Ami akaingia ndani, akatoka na gilasi imejaa maji. Hapo ndipo mpango wetu ulipovunjika, kwa sababu mle ndani kuna bomba la kisima na kuna tangi la maji ya kunywa, na mimi sikuona amekinga wapi. Akampa Bibi. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, na juu ya bega la Ami macho yake yakanijia.

Sikuweza kujikuna. Sikuweza kushika sikio. Nilisimama mikono imening'inia kama nguo kambani, na ikiwa nitabahatisha na kukosea, geti linafungwa leo hii.

Bibi akanywa. Akayazungusha mdomoni kama kawaida yake, muda mrefu. Akameza.

"Mwanangu," akasema, "mie sijui."

Ami akamkaribia.

"Sijui tangu homa. Maharage nimeyaua mimi, kwa mkono wangu. Huyu mtoto amenifichia siku nne, usimgombeze." Akaninyooshea gilasi. "Muulize, atakwambia."

Nikanywa. Yalikuwa ya kisima. "Yana chumvi kidogo," nikasema. "Kabichi zinafaa. Vitunguu havifai. Yamekaa kwenye bomba tangu asubuhi, ukiwasha pampu ukasubiri dakika mbili yatakuwa matamu, mpaka ya kumi na mbili."

Ami akaichukua gilasi, akaonja yeye, akaitazama dhidi ya jua. Nilidhani hasira ndiyo itakayotoka. Sauti ilikuwa ya chini. "Jumamosi huyu anarudi skuli. Jumapili asubuhi nani atakuonjea, Mama?"

Hilo sote wawili hatukuwa tumelifikiria. Siku nne tulikuwa tukipigana na Alkhamisi.

Upande wa pili wa ukuta kuku wakalia. Huko anakaa jirani, mwanamke wa rika lake, na wao hawajasemezana tangu mbuzi wetu alipokula mtama wake wote. Salamu hupitia kwa watoto. Bibi akaangalia ukuta ule. Akajitanda mtandio vizuri, akachukua gilasi mkononi mwa Ami, akatoka getini.

Ami akataka kumfuata. Nikamshika kanzu, jambo ambalo katika hali ya kawaida lingenigharimu.

Tukasimama tukisikiliza. Hodi ya kwanza haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu mlango ukafunguka, na sauti ya jirani ikasema, bila ya salamu, "Leo mbuzi kafanya nini?"

"Nimekuja na maji," akasema Bibi. "Nataka unionjee. Na kesho. Na kila siku mpaka msimu uishe, ukikubali."

Kisha ikasikika gilasi inawekwa juu ya jiwe, na jirani akasema, "Kila siku haya maji? Angalau ungeleta na figili."

Ami akakunja mikono ya kanzu, akaniambia nimpe jembe. Tukaanza kung'oa vijiti vya maharage.

"Msimu huu tu," akasema. Hakuwa ananitazama. "Ujao tutazungumza."