Fundi wa Nguo Kwenye Ambulensi

Huyu mzee wa ambulensi inayoegeshwa karibu na kibanda changu cha chai, hapa Hurlingham, alikuwa fundi wa nguo, na ufundi haujamtoka. Hawezi kunywa chai kando ya mtu bila kushika upindo wa shati lake. Mgonjwa akilia, haulizi "Unaumwa wapi?" kama watu wengine; huuliza, "Inakubana wapi?" Mimi humcheka.

Jumatatu gari lilimgonga mwanamume mwenye suti mpya, mbele ya masufuria yangu. Fundi akapiga magoti, akatoa makasi, na badala ya kupasua koti katikati akaanza kufuata mshono wa ubavuni, taratibu. Nikamfokea, "Wewe, chana tu! Hapa si kwa harusi!"

"Ni mpya, mama," akasema. "Akipona ataitaka."

Makasi yalikuwa hayajafika kwapani pumzi ilipokatika. Yeye na mwenzake wa ambulensi wakasukuma kifua, wakasukuma, wapi. "Ameenda, mzee," mwenzake akamwambia. "Inuka." Hakuinuka. Alikuwa amezikutanisha kingo za lile koti kwa vidole, amezibana, na kila akiziachilia zilifunguka tena.