Watoto Tisa, Kijiko Kimoja

Tuliokuwa katika chumba kile cha Shirere, kule mjini, ni hawa: mimi na kikapu changu, wajukuu wangu wawili wasichana, wa miaka kumi na wa miaka sita, watoto wa mwanangu wa kwanza, watoto wengine saba wa watu wanaofanya kazi mjini, ambao si ndugu zetu, na msichana mwenye chumba, aliyepewa kuwalinda likizo yote ya Agosti. Majina ya wale tisa ninayo yote kichwani, maana niliuliza mmoja mmoja. Siyaandiki. Watoto hawana kosa.

Mwanangu anafanya kazi kiwandani, mkewe ni muuguzi. Shule zilipofungwa niliwangoja wasichana huku kijijini Khwisero kama kila mwaka. Nyumba nilikuwa nimeisiriba upya kwa mavi ya ng'ombe. Badala yao ikaja simu.

"Mama, mwaka huu tumewatafutia mahali hapa mjini. Kutoka kwako mdogo alirudi na funza mguuni. Huku ni safi, kuna televisheni, choo kiko ndani."

"Funza mmoja! Wewe nilikutoa wanane, na leo si unavaa viatu vya ngozi?"

Akacheka, akakata simu. Mimi sikucheka.

Wiki ya pili nikaenda kuwaona. Kikapuni niliweka unga wa wimbi, ndizi, na jogoo niliyemfunga miguu, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu.

Mlango ulipofunguliwa, harufu ndiyo iliyonisalimu kwanza. Mkojo uliokaukia kwenye zulia. Mafuta ya chipsi za juzi. Madirisha yamefungwa, eti wanafunzi waliopanga jirani wasisumbuliwe na kelele. Watoto wamelala sakafuni macho kwenye televisheni, na yule msichana anapita akiwalisha uji kwa kijiko kimoja, kinywa hiki, kinywa kile. Kulikuwa na mtoto mwenye makamasi mpaka mdomoni. Kijiko kilipita hapo, kisha kikaingia kwa mjukuu wangu mdogo.

"Shosho, karibu!" akasema yule msichana, kama mjini wanavyoita bibi. "Keti hapo kwa ndoo."

"Ndoo ni ya nini?"

"Ya susu, watoto wakojoe. Lakini imefunikwa."

"Na choo cha ndani?"

"Kiliziba Jumatatu, Shosho."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Sikuketi.

Msichana akapokea kikapu, akatoa unga, akatoa ndizi, jogoo akamsukuma chini ya kitanda. Halafu akanirudishia kikapu kitupu. Sasa, kwetu kikapu cha mgeni hakirudi hivyo. Kama huna kitu utaweka viazi viwili, utaweka mboga, utaweka hata kipande cha sabuni. Nikasimama nacho mkononi.

"Shosho, umesahau kitu?"

"Sijasahau. Kikapu changu hakirudingi kitupu."

"Sasa niweke nini, na mimi sina kitu?"

"Unavyo viwili," nikamwambia. "Wasichana, leteni nguo zenu."

Yule mkubwa akaniita bibi kwa lugha yetu, "Kukhu, mimi nilivaa viatu ulipoingia tu."

Nguo zilikuwa mbichi, zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Nilizijaza kikapuni nimegeuza uso, kisha nikampigia mwanangu palepale mlangoni.

"Mama, si ungetuuliza kwanza?"

"Ninyi mliniuliza?"

Jumapili mkewe akafika kwangu. Hakusalimu vizuri. Alimketisha mdogo, akamkagua miguu kidole kwa kidole, akakosa funza. Tukala obusuma, ugali wetu, na mboga, kila mtu kwa mkono wake aliounawa. Ndipo akaniuliza polepole, "Mama, hiyo ndoo ilikuwepo kweli?"

"Wewe hukuiona?"

"Sikuwahi kuingia ndani. Nilikuwa nawaachanga mlangoni, nakimbilia zamu."

Hilo lilinichukiza kuliko ndoo. Mtu anayefua sare yake kila siku! Lakini alikuwa analia, nikamwongezea mboga. Wasichana walibaki kwangu mpaka shule zikafunguliwa.

Wale saba niliwaacha humo. Kama wewe ni mzazi wa mmoja wao na unaona nimekosea, kwamba kijiko hakikuwa kimoja, au choo kiliziba Jumanne, nisahihishe, mimi ni mzee. Lakini uwe umewahi kuingia ndani.