Kabla Hujamdunga, Muulize Anayemwosha

Nakumbuka asubuhi ya matope kule Tongaren, mjukuu wangu, mwaka wangu wa pili wa ndoa. Shangazi yako Nasimiyu alikuwa bado ananyonya, na kifua chake kilipanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Alikuwa ameacha kulia. Mtoto mgonjwa akinyamaza, hapo ndipo huogopesha. Mume wangu alikuwa kazini Kitale, kwa hivyo aliyembeba mtoto hadi dispensari ni baba mkwe, nami nikafuata nyuma, mbali, kama mtu asiyehusika.

Wewe utacheka. Lakini kwetu wakati huo mke hakusimama karibu na baba mkwe wala kufungua mdomo mbele yake. Akiwa ndani, wewe uko nje. Nilikuwa mke wa heshima na niliringia hiyo heshima. Nikaketi chini ya dirisha, nikatega sikio.

"Mzee, mtoto ana nimonia," nikamsikia muuguzi, mama mmoja wa makamo. "Nataka kumdunga penisilini. Ashawahi kupewa dawa ya namna hii ikamletea shida?"

"Huyu ni damu yangu," baba mkwe akasema. "Sisi hatukatai dawa. Dunga tu, sista."

Mjukuu wangu, nilisimama. Mzee hakujua. Nilipokuwa nimeenda kwa mama yangu kule Myanga, mtoto aliumwa sikio, akapewa dawa ya maji, ile ya unga wa kukoroga. Kabla sijaosha kijiko, mwili ulijaa vipele vikubwa kama aliyeangukia upupu, midomo ikafura, macho yakafungika. Daktari wa huko alinishikisha jina nisisahau: dawa za ukoo wa penisilini, asipewe tena. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini jina hilo nililishika kama jina la mchawi. Nyumbani nilimwambia mume wangu peke yake. Baba mkwe ningemwambia vipi?

Nikasikia kucha ikigonga sindano, ile ya kutoa hewa. Nikiingia, boma lote litanisema. Na je, kama nimekosea? Kama dawa ya kijiko na ya sindano si moja, na mimi namnyima mtoto dawa? Nimonia nayo haingoji mtu. Miguu ikaingia yenyewe.

"Sista, ngoja. Hiyo ilitaka kumuua."

Baba mkwe aligeukia ukuta haraka asinitazame, hadi kofia ikaanguka.

Muuguzi akaniuliza vipele vilitokea baada ya muda gani, kama pumzi ilibana, au kama ilikuwa kuharisha tu, nami nikamweleza vipele na midomo iliyofura. "Kuharisha kidogo, hata kichefuchefu, antibiotiki nyingi huleta," akasema. "Lakini kufura midomo ni mwili kukataa. Na sindano ingemfikia haraka kuliko kijiko." Akaiweka chini. Kisha akanitazama. "Na wewe mama, ulikuwa unangoja nini huko nje? Ati nimalize?"

Nikasogea, nikamshika mtoto.

Akatafuta dawa ya ukoo mwingine, akamdunga, akatukataza kuondoka. Yeye alitazama midomo ya mtoto, mimi nikamtazama yeye uso. Jioni Nasimiyu alinyonya, akaniuma, na sijawahi kufurahia uchungu kama huo.

Nyumbani mama mkwe alinisema hadi majirani wakachoka kusikiliza. Lakini tangu hapo, mtoto yeyote wa boma akiugua, ungemsikia mzee kwa mbali, "Muulizeni kwanza aliyemzaa."

Sasa wewe umepelekwa kufanya kazi wodi ya watoto huko Kitale. Nimewaambia kanisani wote, hata wasioniuliza. Lakini usingizi sina, kwa sababu sindano iko mkononi mwako.

Basi sikia. Usimdunge mtu kwa sababu mwenye sauti nene amesema dunga. Mtafute anayemwosha mgonjwa, hata kama amejificha nje kwa haya, na mzee akimzuia kusema, mtoe mzee kwa adabu. Usiulize ati ana aleji, wengi neno hilo hawalijui. Uliza kama dawa imewahi kumfurisha, kumwasha au kumbana pumzi. Ukishampa, usikimbilie chai, kaa umwangalie. Waambie wameze kama walivyoandikiwa, wasiache kwa sababu homa imeshuka, wasimgawie jirani. Tumbo likisumbua kidogo wavumilie, akiharisha damu wamrudishe, na akifura au kukosa pumzi waache dawa waje mbio. Aliyekataliwa na dawa, liandike jina la dawa hiyo kwa herufi kubwa kwenye kadi, kisha mama alitamke mbele yako mpaka limkae.

Mungu akupe sikio jepesi na mkono usio na haraka. Na kila mtoto utakayemgusa arudi kwao akiwa msumbufu, mwenye kelele, mzima.