Magoti Yote Mawili

Mwalimu wa darasa la tatu ndiye mwenye sanduku la dawa la shule, na ufunguo wake huuvaa shingoni pamoja na rozari. Mtoto akianguka uwanjani, humketisha kizingitini na kumwosha magoti yote mawili, hata kama limechubuka moja tu.

"Madame, hii haina kitu!" watoto humcheka.

"Nyamaza. Iko na vumbi."

Leo ameletewa msichana mgeni, aliyevuka mpaka juzi kutoka Bukavu na watu waliomwokota vitani. Ana umri wa binti wa mwalimu, yule aliyeponyoka mkononi mwa mama yake akiwa bado mdogo, huko huko Bukavu siku watu walipokimbia risasi. Goti la kushoto, lenye damu, mwalimu analifunga upesi. La kulia analiosha polepole, akilipapasa kwa kidole gumba, akitafuta kovu la moto wa mbabula, lile jiko la makaa, kidonda cha bintiye alichokiuguza mwenyewe. Goti ni laini kabisa.

"Kule Bukavu," anauliza, "batoto ba umri yako bamebaki?"

"Bamebaki bengi, Madame."

"Bengi," anarudia, na kwa muda anasahau kuuachilia mguu wa mtoto wa watu.