Nusu ya Uso wa Mama

Mchoro ule ulikuwa umetundikwa ukutani kwa mchoraji mmoja mjini Moshi, jirani na ofisi ninayofanyia kazi. Mwanamke anamenya ndizi. Mwanga unaingia upande mmoja tu, unamgusa shavu na kidole gumba. Upande wa pili umezama gizani. Mchoraji alikuwa mzee mwenye rangi hadi kwenye kucha. Nilimwamkia, nikamuuliza mwanga ule aliupataje.

"Nilifunga dirisha, nikaacha mlango wazi. Basi."

Basi! Jumamosi nikapanda mlimani, Kibosho, kwa mama na kamera yangu, nikidhani kazi ni nyepesi hivyo.

"Jikoni?" mama akashangaa. "Unataka watu waone masizi yangu?"

Akaenda kuvaa kitenge cha kanisani, akasimama uani, jua usoni, mikono imenyooka kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikapiga ili yaishe. Kisha nikambembeleza mpaka akakubali kukaa jikoni amenye ndizi za supu ya mtori.

Nikafunga dirisha. Dada yangu akaingia, akawasha taa.

"Mbona mko gizani na umeme upo?"

Nikazima. Akatoka, akarudi na ndoo, akawasha tena.

"Dada, nakuomba!"

Alipotuacha, wingu likashuka kutoka mlimani, mlango wote ukawa kijivu. Tukangoja. Lilipopungua nikainua kamera, na mama akasimamisha kisu, akatabasamu.

"Mama, usiniangalie."

"Nimwangalie nani?"

"Ndizi."

"Ndizi nazijua. Na hizi zinaanza kuwa nyeusi kwa ajili yako."

Kila nikiinua kamera, tabasamu lile lile. Nikachoka. Nikakaa kwenye kigoda, kamera mapajani, nimenuna kama mtoto. Mama naye alikuwa amekasirika. Akanipa ubavu, akaendelea kumenya, maana watu lazima wale. Hapo wingu likaachia. Mwanga ukaingia mlangoni, ukatua shavuni pake na kwenye mkono wenye kisu. Nikabonyeza kabla sijafikiri.

Nilipomwonyesha, nilijua nitagombezwa.

"Nusu ya uso wangu iko wapi?" akaanza. Akafuta mikono, akaivuta kamera karibu na macho.

"Huyu ni mama," akasema.

Bibi, mama yake, alifariki kabla sijazaliwa. Hakuna picha yake hata moja.

"Alikuwa anakaa hivi hivi, anapokasirika."

Akaitazama tena.

"Ila kilemba kimekaa upande. Futa, upige upya."

"Mama! Sifuti!"

Tukabishana mpaka chakula kikaiva, na tukiwa mezani tukaendelea. Nilirudi mjini kichwa kinaniuma. Sijavua hata viatu, simu ikaita.

"Umeifuta?"

"Sijaifuta, mama."

"Vizuri. Isafishe, iwe kubwa. Na mama zako wadogo nao wanataka nakala zao."