Vidole vya Fundi Madoa

Chini kabisa ya hoteli, mahali ambapo wageni hawafiki wala hawajui kama pako, palikuwa na chumba cha kufulia, na humo alifanya kazi mwanamke aliyeitwa Fundi Madoa. Jina hilo alipewa na wenzake, na alilistahili. Kutu, wino, damu, rangi ya mdomo: wewe lete shuka lako. Angelitazama kwanza kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa, angechovya kidole kwenye mojawapo ya chupa zake, angesugua, na baada ya muda ungeapa kwamba doa halikuwahi kuwapo. Glavu alipewa siku ya kwanza, akazitundika msumarini na huko zikabaki. Kwao alikuwa dobi wa kufua kwa mkono, na dobi wa namna hiyo hakijui kitambaa mpaka akiguse. Msimamizi alimkanya mara mbili, kisha alipoona kazi inavyotoka akaacha kusema.

Ugeni ulimtesa kwa mambo madogo madogo. Baridi alikuwa ameambiwa, akajiandaa. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba ukiingia kwenye lifti yenye watu sita humsalimii hata mmoja. Mwezi wa kwanza alimsalimia kila aliyekutana naye, wakawa wanamtazama kama mtu aliyepotea njia. Akajifunza kunyamaza, na hilo lilimuuma kuliko baridi yenyewe. Akajifunza kula amesimama. Akajifunza kuishi chumba kimoja na mfagiaji wa hoteli hiyohiyo, mwanamke wa kwao, mwenye maneno mengi na roho nzuri, ambaye hata usingizini alikuwa akigombana na watu.

Yote hayo aliyavumilia kwa sababu moja tu. Nyumbani alikuwa na binti wa pekee, aliyemwacha kwa mama yake mdogo. Sheria ya huko ugenini ilisema kwamba mgeni akifanya kazi miaka mitatu mfululizo anaweza kuomba ukaazi wa muda mrefu, na katika ombi hilohilo akamwingiza mtoto wake, ili mradi mtoto hajatimiza miaka kumi na minane. Umri huo haukuhesabiwa kwa siku ya kujaza fomu. Ulihesabiwa kwa siku ambayo mzazi alichukuliwa alama za vidole. Miaka yake mitatu ilipotimia, Fundi Madoa alipangiwa tarehe tatu. Binti angetimiza kumi na minane tarehe ishirini. Siku kumi na saba za ziada! Alijiona ameshafika.

"Mama, wamenipa nafasi chuo cha ualimu," binti alimwambia kwenye simu. "Nimewaambia wampe mwingine. Si ndo nakuja huko?"

"Unakuja, mwanangu. Kitanda chako nimeshanunua."

Kitanda kilikuwapo kweli, kimeegemezwa ukutani nyuma ya mlango, na juu ya kabati palikuwa na mashuka mawili. Hoteli ilikuwa imeyatupa kwa sababu ya doa kubwa la kahawa. Alihangaika na doa lile siku nne nzima mpaka likatoka, na mashuka akayakunja akayaweka asiyaguse mtu.

Tarehe mbili, zamu ilipokwisha mchana, aliitazama mikono yake akaona haya. Kalamu iliyosahauliwa kwenye mfuko wa mgeni ilikuwa imepasuka mikononi mwake, na wino ulikuwa umeingia mpaka kwenye kucha. Ofisi ya serikali huendi na mikono ya namna ile. Akamimina dawa yake kali kuliko zote kwenye bakuli, ile ya kutoa kutu, akalowesha vidole vyote kumi, kisha akavisugua kwa jiwe la kusugulia visigino mpaka vikang'aa.

"Shoga, unaenda kuchukuliwa alama au unaenda kuolewa?" mfagiaji akamuuliza.

"Acha wivu. Kesho wataiona mikono ya dobi."

Na kweli, kesho yake waliiona. Karani alikuwa bwana wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwambia aweke kidole cha kwanza kwenye kioo cha mashine, taa ikawaka nyekundu. Cha pili, nyekundu. Karani akakifuta kioo. Akampaka mafuta kidogo kwenye ncha za vidole, akambonyezea mwenyewe kimoja kimoja. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho maisha yake yote hakikufanya kazi ya maana, ndicho pekee kilichopata taa ya kijani.

"Mama, vidole unavyo, lakini alama hakuna," karani akasema. "Unafanya kazi gani?"

"Natoa madoa."

Karani akavuta pumzi. Alama zingerudi, alisema, kama angeipumzisha mikono. Tarehe nyingine iliyokuwa wazi ilikuwa baada ya wiki sita.

"Wiki sita mwanangu atakuwa kashapita umri! Baba, nakuomba. Mimi ndiyo huyu hapa, picha yangu hiyo hapo. Kwani vidole ndiyo vitakaa huku?"

"Nakuelewa, mama. Ila mashine haiandiki huruma."

Alirudi kazini. Glavu akazitoa msumarini, vumbi na yote, akazivaa. Kuacha kazi asingeweza, kwa sababu bila barua ya mwajiri hakuna ombi lolote. Lakini akiwa na glavu ufundi wote ulimtoka. Alitoboa kitambaa cha meza, akaunguza mto, na wiki ya pili msimamizi akampa mwingine chupa zake na yeye akahamishiwa kwenye kukunja taulo. Hakulalamika. Kila asubuhi kabla ya zamu alisimama kwenye lango la ile ofisi kuuliza kama kuna mtu hakutokea ili apewe nafasi yake. Alijikaza kisabuni. Aliyekuwa akisugua ndoo nzima ya nguo bila kuguna sasa alikuwa akijipaka mafuta vidoleni mara tano kwa siku, na mfagiaji ndiye aliyemwoshea vyombo na kumfungia vifungo.

Tarehe kumi na nane nafasi ikapatikana. Karani alipomwona akasimama mwenyewe kumvutia kiti. Kidole gumba, kijani. Kingine, kijani. Viwili tena vikaitika, kisha taa ikarudi nyekundu na haikubadilika, wakajaribu na kujaribu, mpaka watu wa foleni wakaanza kukohoa. Vinne. Mashine ilitaka vinane.

Tarehe ishirini ndiyo siku aliyompigia binti. Alitaka kumpongeza kwanza, akashindwa, akaanza kulia. Akamweleza kila kitu: dawa, bakuli, lile jiwe. "Nimekuharibia kwa mikono yangu mwenyewe," alisema. Binti hakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Alisema tu kwamba atauliza chuoni kama wanaweza kumrudishia nafasi yake. Hawakuweza. Masomo yalikuwa yameshaanza.

Wiki sita zilipotimia alikwenda, kwa kuwa tarehe alikuwa amepangiwa. Akaweka vidole kwenye kioo. Kijani, kijani, kijani, mpaka cha kumi. Mistari yote ilikuwa imerudi, mizuri, kama ya mtu asiyewahi kushika sabuni. Karani aliitazama kwa muda, kisha akafungua faili, akachomoa karatasi moja yenye picha ya msichana, akamrudishia.

"Huyu sasa ni mtu mzima, mama. Itabidi atafute mwajiri wake mwenyewe, aombe peke yake kama ulivyoanza wewe."

Fundi Madoa akaikunja karatasi mara mbili, akatoka nje. Simu ikalia kabla hajafika barabarani.

"Mama? Zimetoka?"

"Zimetoka."

"Zote?"

"Zote kumi."

Kwa mbali alisikia sauti ya maji yakimiminwa kwenye ndoo huko nyumbani.

"Hongera, mama," binti akasema.