Kazi Isiyokuwepo na Koti la Mzee Aloyce

Hata leo nikipita karibu na maghala ya kahawa pale Moshi mjini huvuka barabara na kujifanya natazama mlima, hata kama mlima umefunikwa na mawingu. Aibu yangu ilibaki pale.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nipo nyumbani Kibosho, nikimkatia mama majani ya ng'ombe, mwili mzima ukiniwasha kama niliyelala juu ya siafu. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kumiminika mjini, mabango mapya kila kona, na mimi nilikuwa na Honorata, na posa ilikuwa Jumamosi, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshaanza kuchachuka, na baba yake, Mzee Aloyce, mtu wa maneno machache, alikuwa ameuliza swali moja tu: huyo kijana anafanya nini? Basi nilipoona gazetini kwamba anatafutwa mtunza ghala, kijana, mchangamfu, barua zipelekwe sanduku la posta (jina la kampuni hamna, nami sikujiuliza kwa nini), niliandika siku ileile. Wakaniita Alhamisi.

Kosa langu lilikuwa dogo: sikumwambia mtu yeyote naenda wapi. Nilitaka niingie ukweni na jibu mfukoni. Honorata nilimwambia tu kwamba kuna usaili, naye alipoiona kola ya shati langu akaenda kufungua sanduku la baba yake, akatoa koti la kijivu, lenye kifungo kimoja cha kahawia katikati ya vyeusi.

"Hili analivaa Krismasi na Pasaka," akasema. "Lirudi kabla hajafika nyumbani."

Baba yake alikuwa akifanya kazi mjini, kwenye kahawa. Zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza, maana nusu ya wazee wa Kibosho walifanya kazi mjini, kwenye kahawa.

Ofisi ilikuwa kibanda cha mbao ndani ya ghala lenyewe. Bosi alifungua dirisha linalotazama mizani, akaniambia nisogee pale kuna hewa, na niongee kwa sauti. Nikadhani anapima ujasiri wangu. Akasema mtunza ghala aliyenaye ni mzee, mimi nitamshinda kwa lipi? Ah, jamani, mdomo huu. Nikamweleza kwamba wazee wa enzi ya ushirika wamezoea kusinzia juu ya magunia, kwamba wanapima kahawa polepole kama wanaosali rozari, kwamba mimi chai ya saa nne siihitaji, na (nani alinituma?) kwamba kuhusu mshahara nitaridhika na chochote.

Huko nje makoleo yakanyamaza.

"Rudia hilo la mshahara," bosi akasema.

Nikarudia, kwa sauti ya juu zaidi. Ndipo akaegemea dirishani na kuita: "Mzee Aloyce, umemsikia kijana?"

Aliingia, vumbi la kahawa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Aliniangalia usoni, kisha akashuka na macho taratibu mpaka kwenye kile kifungo cha kahawia. Niliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akaligusa koti begani. "Linakubana mabegani."

Bosi akauliza kama tunafahamiana.

"Anakuja kumposa binti yangu Jumamosi."

Wapagazi walicheka mpaka mabati yakaitikia. Mmoja akamwambia Mzee, "Mangi, mkwe amekuja kukurithi ungali hai."

Mzee alinisindikiza mpaka getini. Akaniambia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, kwamba pale hapakuwa na kazi. Yeye na wenzake walikuwa wakidai nyongeza ya mshahara, na kila wakidai bosi hutangaza kazi zao gazetini, huita vijana na kuwaweka dirishani, ili wao wasikie. "Wengine hujibu kwa kusitasita," akasema. "Wewe umemfanyia kazi yake vizuri sana." Akageuka kurudi, kisha akasimama. "Koti nitalivaa Jumamosi. Lipige pasi."

Sikujua kama huo ulikuwa mlango au ukuta. Siku mbili zile sikukaa kitako. Jumamosi baba yangu mdogo alikata jani la isale, lile tunaloombea msamaha na ambalo anayepewa hawezi kulikataa, nikalibeba mbele ya koo zote mbili. Mzee alilipokea, akaliweka mapajani juu ya koti lake. Akasema amesamehe, isale ni isale, ila kwanza wageni wasikie nilichosema juu ya wazee wa ushirika. Nisimame. Nisogee dirishani.

Nikasema yote: magunia, rozari, chai. Watu wakacheka, mbege ikamwagika, Honorata akakimbilia jikoni. Nilipofika kwenye mshahara, Mzee peke yake hakucheka.

Mke nilipata. Nyongeza wale wazee hawakuipata msimu ule, na baba mkwe wangu hakuwahi kulitaja tena jambo hilo. Siku hizi nikiona tangazo la kazi huuliza kwanza nani anakikalia kiti hicho sasa. Na nikiambiwa nisogee dirishani kuna hewa, nasema hapana, asante, hapa nilipo panatosha.